Seli zilizokwama ujanani: kisa cha mgonjwa wa Katuba aliyetibiwa kwa arseniki

Kioo nilikiweka chini ya hadubini saa moja na nusu usiku, umeme uliporudi. Stajeri wetu wa labo, mwanafunzi anayejifunza kazi, alikuwa amekipaka rangi ya Giemsa mchana, akakiacha kikauke, na kwenye karatasi akaandika kwa penseli: chembe nyeupe 2,100, nyingi si za kawaida. Nilisogeza hadi ukingoni mwa tabaka la damu, pale seli zinapotandaa bila kulaliana. Zilikuwa kubwa, kiini kimebonyea katikati, na zimejaa punje za rangi ya zambarau hata kiini chenyewe kilionekana kwa shida. Katika mojawapo kulikuwa na vijiti vyekundu vyembamba, kumi au kumi na tano, vimelala pamoja kama mzigo wa kuni unaoingia mjini asubuhi kwa barabara ya Kasenga. Vitabu vya Kifaransa tulivyosomea vinaziita hivyo hivyo, seli zenye mizigo ya kuni. Kijiti kimoja kimoja, yaani kijiti cha Auer, huonekana katika lukemia kadhaa, yaani saratani za damu. Mzigo mzima una maana moja karibu kila mara: lukemia kali ya promielositi.

Sikuandika ripoti. Nilimpigia docta simu kwanza, kwa sababu ugonjwa huu ndio lukemia inayoua haraka kuliko zote ukichelewa siku mbili, na inayopona vizuri kuliko zote za aina yake usipochelewa.

Nimebadili mambo machache yanayoweza kumtambulisha mgonjwa. Yeye na mama yake wamekubali niandike.

Kijana mwenyewe

Alikuwa na miaka 19, mkazi wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi, mwaka wa kwanza wa chuo. Wiki tatu kabla ya usiku ule alianza kuchoka. Fizi zilimtoka damu alipopiga mswaki, kisha pua, kisha mapajani pakatokea madoa ya bluu bila yeye kukumbuka alipojigonga. Katika zahanati ya kwanza alipewa dawa ya malaria. Katika ya pili alipewa dawa ya malaria tena, pamoja na sindano ya maumivu matakoni, na pale palipochomwa pakavimba pakawa peusi, upana wa sahani ya chai. Yule uvimbe ulikuwa unasema kila kitu. Damu isiyoganda haichomwi sindano ya msuli. Mtu mwenye homa na madoa ya namna ile anahitaji kwanza kuhesabiwa chembe sahani, zile zinazoziba matundu ya mishipa.

Zake zilikuwa 14,000. Mtu mzima huanzia 150,000. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni, ilikuwa chini, 7.2, na fibrinojeni, ile protini inayofuma donge la damu, ilikuwa gramu 0.9 kwa lita wakati kawaida ni 2 hadi 4. Hapo ndipo hatari ya ugonjwa huu ilipo. Seli hizi changa hubeba juu ya ngozi yake vitu vinavyowasha kuganda kwa damu, na papo hapo vitu vinavyoyeyusha madonge. Mwili unatumia akiba yake yote kwa kazi isiyo na faida, na siku moja mshipa mdogo wa ubongo unapasuka hakuna cha kuuziba. Wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu hawafi kwa saratani kujaa mwilini, wanakufa kwa damu kuvujia kichwani, wiki ya kwanza au ya pili.

Kwa hiyo usiku ule kazi ya kwanza ilikuwa damu. Ndugu zake wanne walikuja na rafiki zake wa kanisani watatu, tukapima makundi na maambukizo hadi saa sita, na akawekewa damu mbichi ya siku ile ile na chembe sahani tulizoweza kutenga. Docta alitaka zisishuke chini ya 30,000, na fibrinojeni ipande juu ya gramu moja na nusu. Tulipima asubuhi na jioni. Alipigwa marufuku sindano zote za msuli.

Kazi ya pili ilikuwa kupata tretinoini.

Hii ni asidi ya retinoiki, mtoto wa vitamini A. Mama mdogo wa mgonjwa anauza vipodozi katika soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi, na aliposikia jina alisema analo dukani. Hakukosea. Molekuli ile ile imo katika krimu za chunusi na katika baadhi ya zile za kung'arisha ngozi zinazouzwa mjini hapa. Lakini haiwezi kufika kwenye uboho, ndani ya mifupa damu inapotengenezwa, kutoka kwenye krimu, na mgonjwa alihitaji vidonge vya miligramu 10, vinne asubuhi na vinne jioni. Shirika la Afya Duniani liliiweka tretinoini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na trioksidi ya arseniki mwaka 2019. Kuwa katika orodha si kuwa katika kabati. Vidonge vilipatikana siku ya tatu, kwa binamu yake aliyeko Johannesburg, vikaletwa na abiria wa ndege. Abiria mwingine alikuwa ameenda na mirija miwili ya damu yake kwa ajili ya kipimo cha jeni.

Kanuni ya ugonjwa huu ni kwamba tretinoini haisubiri kipimo hicho. Ukishuku kwa hadubini, unaanza. Tuliianza jioni ile ile ilipofika, na kuanzia hapa nahesabu siku kutoka jioni hiyo.

Lango la mukanda

Siku ya nne jibu lilikuja: jeni mbili zimeungana, PML na RARA. Siku ya tano docta alimwandikia dawa ya pili, ile trioksidi ya arseniki, na mama yake akaisoma karatasi.

Mama huyu baba yake alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Neno arseniki alilijua tangu utotoni, na alilijua kama jina la kitu ambacho watoto walikatazwa kukisogelea. Alikuja labo, si kwa docta, akasimama mlangoni na ile karatasi. "Mama Labo, njo sumu mutamupa mutoto?"

Nilimwambia ni sumu kweli, na kwamba sitamficha. Kisha nikamwomba aketi, kwa kuwa jibu la swali lake halikuwa la kusimama mlangoni. Ninaliandika hapa kwa urefu kidogo kuliko nilivyomweleza yeye.

Uboho wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili, wale askari wa kwanza wa damu, karibu bilioni 100 kwa siku. Kila moja hupitia ngazi. Inaanza kama seli mama isiyo na kazi maalumu, inafika ngazi ya promielositi inapojaza punje zake za silaha, kisha inaacha kugawanyika, kiini kinajikata vipande vitatu au vinne, inatoka kwenye uboho na kuingia kwenye damu, inaishi siku chache na kufa. Kuna swichi nyingi zinazoendesha safari hiyo. Mojawapo ni protini ya RARA, ambayo hukaa juu ya jeni za kupevuka na kuzifungia, mpaka asidi ya retinoiki ikija kuishika, hapo inazifungua.

Kwa kijana huyu kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 vilibadilishana mahali. Janet Rowley na wenzake walikuwa wameuona mbadilishano huo Chicago mwaka 1977, miaka 20 baada ya Leif Hillestad wa Norwei kuueleza ugonjwa wenyewe. Matokeo yake ni protini moja mpya, nusu PML na nusu RARA. Inakaa mahali pa RARA, lakini vitamini A ya kawaida iliyomo mwilini haiitoshi. Haifungui. Promielositi zinafika pale na kubaki pale, zikiendelea kugawanyika.

Ndugu zetu wa upande wa Lualaba wanajua mukanda, kambi ya jando. Mvulana anaingia, anakaa majuma yake, anatoka mtu mzima, na kijiji kinampokea kwa ngoma. Hebu fikiri lango limefungwa na wavulana wapya wanaendelea kuletwa. Hakuna aliyeharibika tabia. Wamekwama tu, na kambi imejaa mpaka watu wengine hawana pa kukaa: chembe nyekundu hazitengenezwi, chembe sahani hazitengenezwi. Ndiyo maana kijana wetu alikuwa na chembe nyeupe chache kwenye damu huku uboho umejaa pomoni.

Kwa miaka mingi dawa ya saratani maana yake ilikuwa kuichoma kambi. Shanghai, mwaka 1985, daktari Wang Zhenyi alimpa tretinoini mtoto wa kike wa miaka mitano aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa huu, na mtoto akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza wagonjwa 24 waliotibiwa hivyo. Seli hazikuuawa. Zilikua.

Arseniki ilitoka mbali zaidi, kaskazini kabisa, Harbin, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zhang Tingdong na wenzake walichunguza dawa ya kienyeji yenye arseniki, zebaki na sumu ya chura. Waliitenganisha sehemu kwa sehemu wakaona arseniki ndiyo inayofanya kazi. Ulaya na Marekani zilikuwa zimewahi kuitumia pia: mchanganyiko wa Thomas Fowler wa mwaka 1786 ulikuwa arseniki majini, na mwaka 1878 madaktari wa Boston waliutumia kwa lukemia ya aina nyingine kabla haujaachwa. Kilichokosekana muda wote huo kilikuwa sababu. Miaka ya 1990 kikundi cha Shanghai, akiwemo Chen Zhu aliyekuja kuwa waziri wa afya wa China, kilionyesha kitu ambacho mimi hadi leo nakistaajabia: arseniki hiyo hiyo, juu ya seli hizo hizo, hufanya mambo mawili kulingana na kipimo. Ikiwa nyingi kidogo, seli zinajiua. Ikiwa kidogo sana, zinaanza kupevuka.

Kinachotokea ndani sasa kinajulikana hatua kwa hatua. Atomu ya arseniki inapenda salfa. Nusu ya PML ya ile protini mbovu ina sisteini nyingi, na sisteini zina salfa. Kwa kawaida pale panashikiliwa na zinki, metali ile ile ambayo mgodi wa Kipushi, jirani yetu, umeitoa ardhini kwa miongo. Arseniki inachukua nafasi ya zinki na kuzifunga sisteini pamoja. Protini inabadilika umbo, inagandamana na wenzake, seli inaibandika alama moja, kisha alama ya pili inayosema itupwe, na mtambo wa kusaga protini chakavu unaisaga. Tretinoini nayo inaishika protini ile ile kwa upande wa pili, nusu ya RARA, inazifungua jeni na kuipeleka kusagwa. Moja inashika kichwa, nyingine miguu. Mwaka 2018 Chen Zhu na Wafaransa Anne Dejean na Hugues de Thé walipewa Tuzo ya Sjöberg, tuzo ya Sweden ya utafiti wa saratani, kwa kazi hii.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la pili lilikuwa la vitendo: ni kiasi gani? Kijana alikuwa na kilo 58, na kipimo ni miligramu 0.15 kwa kila kilo, kwa hiyo 8.7 kwa siku, ndani ya maji ya mshipa, taratibu kwa saa mbili. Punje moja ya mchele ina uzito zaidi ya mara mbili ya huo. Alikunja karatasi akaenda kuisaini.

Siku ya kumi na moja

Hapa ndipo kisa hiki kinaponifanya niandike, kwa kuwa hapa ndipo tungeweza kumpoteza tukiwa tunamponya.

Damu ilikuwa imetulia. Siku ya sita fizi ziliacha kutoka damu, na fibrinojeni ikapanda yenyewe bila sisi kumwongezea. Hilo ni tendo la tretinoini, na huja kabla saratani yenyewe haijaondoka. Nyumbani walianza kushukuru. Lakini chembe nyeupe zilianza kupanda. Siku ya tano 3,900. Siku ya saba 8,400. Siku ya kumi 23,000. Ndugu zake waliona tarakimu hizo kwenye daftari kitandani, na mjomba wake, mtu msomi, aliuliza mbele ya wote swali ambalo kila mtu mwenye akili angeuliza: mnampa dawa ya kupunguza chembe nyeupe, mbona zinaongezeka mara kumi? Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa na wasiwasi huo huo na hakuusema.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja kijana aliamka na homa ya 38.6, akipumua mara 32 kwa dakika. Miguu ilikuwa imevimba. Mizani ilisema kilo 63. Ameongeza tano kwa siku nne, na bukari, ugali wetu, alikuwa haifikishi hata nusu. Picha ya kifua ilionyesha ukungu pande zote mbili.

Kulikuwa na maoni matatu chumbani. La kwanza, maambukizo ya mapafu, na hakuna wa kulilaumu maana alikuwa na kinga dhaifu, alipewa antibiotiki. La pili, kwamba lukemia imeishinda dawa. La tatu, la docta, lilikuwa kwamba dawa inafanya kazi kupita kiasi.

Promielositi iliyokwama haina adabu ya nyutrofili mzima, lakini pia haina uwezo wake. Inapoanza kupevuka kwa lazima, mamilioni kwa mamilioni siku moja, inapata uwezo kabla ya kutulia: inajifunza kunata kwenye kuta za mishipa, inajifunza kupenya, inatoa kemikali za uvimbe. Inaingia kwenye mapafu. Mishipa inavuja maji. Ndipo mtu anapopata homa, uvimbe, kilo za ghafla na pumzi fupi. Ugonjwa huu wa kupevuka huwapata baadhi ya wagonjwa wanaotumia tretinoini au arseniki, na ukicheleweshwa unaua. Kijana alikuwa anapewa prednisoloni kidogo tangu mwanzo ili kuuzuia, na ulimpata hata hivyo.

Docta aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwenye kioo unaona nini?" Nilichukua damu mpya, nikaipaka, nikaitazama kabla haijakauka sawasawa. Kulikuwa na seli za kila ngazi. Zile zenye mizigo ya kuni zilikuwa zimepungua. Nyingi zilikuwa katikati: kiini kinaanza kujinyonga, punje zimepungua rangi. Lukemia inayoishinda dawa haionekani hivyo. Ingekuwa bahari ya seli changa zote sura moja. Nilimwambia zinakua.

Alisimamisha tretinoini na arseniki zote mbili, akaanza deksamethasoni, dawa ya kutuliza kemikali zile za uvimbe, miligramu 10 kila saa 12 bila kungoja jibu lingine lolote, akaongeza haidroksiyurea ili kushusha idadi, dawa ya kukojoza maji, na oksijeni. Kanuni ni kuanza deksamethasoni kwa dalili ya kwanza, kwa kushuku tu. Kama ni maambukizo, siku mbili za dawa hiyo hazitamwangamiza. Kama ni ugonjwa wa kupevuka, siku mbili za kungoja zitamwangamiza.

Usiku ule mama yake hakuondoka kitini. Alfajiri pumzi zilikuwa 24. Siku ya kumi na nne alirudi kilo 59, na dawa zote mbili zikarudishwa, kwanza nusu, kisha kamili.

Kioo cha siku ya kumi na tatu ninacho hadi leo. Stajeri ndiye aliyekiona kwanza, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sauti iliyoniogopesha: "Yaya, njoo uone, ile kijiti!" Ilikuwa nyutrofili kamili, kiini kimekatika vipande vitatu, sura ya mtu mzima asiye na kosa. Na ndani yake, kando ya kiini, kijiti kimoja chekundu cha Auer. Nyutrofili wa kawaida hana kijiti hicho kamwe. Ni alama ya seli ya lukemia. Yaani seli hii ilikuwa ya saratani wiki mbili kabla, haikuuawa, na nafasi yake haikuchukuliwa na nyingine njema. Yenyewe ilifika mwisho wa safari yake, ikaja kwenye damu na kumbukumbu ya utoto wake mfukoni. Nimesoma jambo hilo mara nyingi. Kuliona juu ya kioo kilichopakwa mezani petu ni jambo lingine.

Nilimwita mjomba aje aangalie. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Tarakimu 23,000 hakuitaja tena.

Yaliyobaki yalienda kama yanavyoandikwa. Siku ya kumi na nane kipimo cha moyo kilionyesha arseniki inarefusha mapigo, kama inavyojulikana kufanya. Potasiamu, chumvi ya damu inayosaidia kulinda mapigo hayo, ilikuwa 3.1, ikarekebishwa hadi juu ya 4, magnesiamu nayo, arseniki ikapumzishwa siku mbili. Wiki ya sita uboho ulikuwa safi kwa hadubini. Zilifuata awamu nne za arseniki, siku tano kwa wiki, wiki nne kazi na wiki nne mapumziko, na tretinoini wiki mbili kwa mbili. Nywele hazikung'oka. Alirudi darasani kabla awamu ya tatu haijaisha. Jaribio la Italia na Ujerumani lililoongozwa na Francesco Lo-Coco, lililotolewa mwaka 2013, lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wa hatari ndogo na ya kati kama huyu, tretinoini pamoja na arseniki, bila kemotherapia, ziliwaacha asilimia 97 hai bila ugonjwa kurudi wala dawa kushindwa baada ya miaka miwili, dhidi ya 86 kwa njia ya zamani.

Swali la kobalti

Habari ilienea Katuba, na ilibadilika njiani. Miezi michache baadaye mjomba yule yule alikuja na chupa ya maji ya udongo kutoka karibu na machimbo upande wa Likasi. Kuna mtu anayauza kama dawa ya saratani, kwa hoja kwamba mawe ya kule yana arseniki na kobalti, na hata hospitali imekubali. Hoja hiyo inanikasirisha kwa sababu imejengwa kwa vipande vya kweli.

Ni kweli madini ya Katanga hubeba arseniki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyushia ulikuwa na kobalti, arseniki, risasi, kadmiamu na urani kwa wingi kuliko wa watu waliokaa mbali. Ni kweli pia kwamba kobalti imewahi kupevusha seli za lukemia: Shanghai, mwaka 2003, kloridi ya kobalti ilifanya hivyo ndani ya sahani ya maabara. Inaidanganya seli kwamba oksijeni imepungua, na seli iliyodanganywa hivyo huamsha protini iitwayo HIF-1 alfa, ambayo nayo husukuma upevukaji.

Lakini sahani ya maabara si mtu. Kobalti iliwahi kunyweshwa watu katikati ya karne iliyopita kutibu upungufu wa damu, ikaharibu tezi zao za shingo. Miaka ya 1965 na 1966 huko Quebec, Kanada, iliwekwa kwenye bia ili povu likae, na wanywaji wakafa kwa moyo. Arseniki ya maji ya kunywa, mwaka baada ya mwaka, huleta saratani ya ngozi, ya kibofu na ya mapafu. Arseniki ilimponya mpwa wa mjomba huyu kwa kuwa seli za kijana zilikuwa na protini moja mahususi yenye mshiko wa arseniki, na protini hiyo ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe. Ukiiondoa, hakuna ugonjwa uliobaki. Lukemia nyingine nyingi hazina protini hiyo, na saratani ya titi haina, na ya ini haina. Kwa watu hao chupa ile ina sumu tu, isiyo na kipimo, bila mtu wa kuangalia moyo wala potasiamu.

Mjomba alisema anayeuza ana watoto sita na wagonjwa wanakuja wenyewe. Nilimwomba aniachie chupa. Aliniacha nayo, na nilimpa kwa maandishi maelezo ya dalili za damu isiyoganda, akayapeleka kanisani kwake. Mwezi uliofuata watu wawili walitumwa kwetu na mchungaji kwa ajili ya madoa ya bluu. Mmoja alikuwa na chembe sahani chache kwa sababu nyingine, na anatibiwa. Mwingine hakuwa na shida.

Labo yetu nayo imebadilika. Karatasi ya mashine ikionyesha chembe sahani chini ya 50,000, hakuna anayeitia saini kabla kioo hakijatazamwa na macho, hata kama ni usiku, hata kama ni malaria. Sababu ni kwamba damu ya kijana huyu ilikuwa imepita kwenye mashine ya labo nyingine siku nne kabla ya kufika kwetu, ikatoa tarakimu karibu zile zile, na kioo hakikupakwa. Kabatini sasa kuna vidonge vya tretinoini vya kutosha siku kumi kwa mtu mmoja, vilivyonunuliwa kwa mchango wa familia tatu, na tarehe ya kuisha imeandikwa mlangoni kwa wino mwekundu.

Kipimo cha jeni kilichofanywa baada ya awamu ya mwisho hakikuona PML na RARA zikiwa pamoja. Kijana alikuja na mama yake kuchukua jibu, akaomba aone kile kioo alichosimuliwa na mjomba. Nilikitafuta, nikaweka tone la mafuta, nikamwonyesha nyutrofili yenye kijiti. Mama naye alitazama, akasema kwa upole, "Njo ile yenye kukomea?" Ndiyo, nikamwambia, ndiyo hiyo iliyokomaa.

Kijana alikaa tena kwenye hadubini. Alisogeza kioo kidogo, akauliza kuhusu nyutrofili iliyokuwa jirani, isiyo na kijiti: nayo ilikuwa ya ugonjwa ikakua, au ilizaliwa njema? Nilimwambia kwa macho hazitofautishwi. Akarudisha jicho kwenye lenzi, akaendelea kuziangalia.